Kabla Karwirwa Hajasema Neno

Mwalimu Veronicah Igoki alianguka katikati ya uwanja wa Runyenjes, filimbi ikiwa bado mdomoni, punde tu baada ya kuamua penalti. Hakugongwa na mtu. Ncha ya kiatu chake cha kulia ilikwama kwenye nyasi, mguu ukakataa kuinuka, na mwili ukaendelea na safari peke yake. Alitua kwa magoti, kisha kwa viganja, kisha kwa kifua.

Uwanja ulilipuka. Mashabiki wa timu iliyoadhibiwa walikuwa wametafuta kisingizio tangu mapumziko, na sasa kilikuwa kimelala mbele yao kwenye matope.

"Refa amelewa! Refa ni mlevi!"

Kijana mmoja alitoka kando ya mstari akaanza kutembea kama mlevi, huku na huko, na wenzake wakampigia makofi. Igoki aliinuka. Hakujipangusa. Alitembea hadi kwenye alama ya penalti kwa ule mwendo uliokuwa umemwingia polepole katika miaka ya karibuni, magoti yakisuguana, vidole vya miguu vikikwaruza ardhi, akanyoosha mkono kuonyesha mahali pa kuweka mpira.

Nahodha alimfuata. "Lakini madam, wewe mwenyewe ulikuwa chini. Uliona nini?"

"Niliona mkono wako ukigusa mpira nikiwa bado nimesimama. Kuanguka kwangu hakujaufuta mkono wako."

Penalti ikapigwa, ikaingia. Mechi ilipokwisha ilibidi askari wawili wamsindikize hadi kwenye pikipiki ya ndugu yake, Muchangi, aliyekuwa akifanya kazi ya boda boda pale mjini. Muchangi alimpakia wakapanda kwenda Kanja. Alipofika langoni kwao ndipo alipozima injini akasema, bila kumtazama dada yake, "Ni kama Baba."

Ilikuwa kweli, na hakuna mtu wa boma lile ambaye hakuwa ameliona.

Baba yao, Nthiga, alikuwa mkulima wa kahawa. Miguu yake ilianza kukakamaa akiwa bado kijana mwenye nguvu, kabla hajapata mtoto hata mmoja. Kwanza viatu vililika kwenye ncha. Kisha akawa anajikwaa hata kwenye sakafu tupu. Miaka ilivyosonga aliingia kwenye fimbo moja, kisha mbili, na mwishowe akawa anachuma kahawa kwa magoti, amefunga vipande vya gunia juu ya suruali, akijivuta kutoka mche hadi mche. Mikono yake ilibaki imara hadi mwisho. Aliweza kupasua kuni akiwa ameketi. Wageni walishangaa jambo hilo, jinsi nusu ya mtu ilivyokuwa nzima na nusu nyingine imekataa.

Watu wa ukoo hawakushangaa. Wao walikuwa na maelezo, na maelezo yenyewe yalikuwa na jina la mwanamke.

Karwirwa, mama yake Nthiga, hakuwa wa Embu. Babu yao alimtoa Nkubu, kule Meru, akamleta Kanja akiwa msichana asiyejua hata kusalimia kwa Kiembu sawasawa. Alizaa, akalima, akazeeka hapo, na bado walimwita "yule Mmeru". Mumewe alipofariki, wanawe waliuza shamba la bondeni, karibu na mto, bila kumuuliza. Karwirwa alikwenda akasimama kwenye mpaka wa shamba hilo mbele ya wanunuzi na majirani akasema, "Miguu iliyokanyaga haki yangu haitafika mbali." Alifariki kabla ya mvua zilizofuata. Na baada ya muda mfupi, Nthiga akaanza kujikwaa.

Ukoo haukuhitaji ushahidi mwingine. Hiyo ilikuwa kirumi, laana ya mzazi anayekwenda kaburini na kinyongo. Tangu siku hizo hakuna mtoto wa kike aliyepewa jina lake. Kwa desturi, binti wa kwanza wa Nthiga alipaswa kuitwa Karwirwa. Akaitwa Igoki, jina la bibi wa upande wa mama, ili ulimi wa mtu usije ukaiita laana ije mezani kila siku. Kaburi la bibi huyo liliachwa nyuma ya nyumba likamezwa na nyasi za napia. Ng'ombe ndio waliolitembelea.

Igoki alikua akiisikia hadithi hiyo kama watu wanavyosikia habari ya hali ya hewa. Hakuiamini sana, hakuipinga. Alikwenda chuo cha ualimu, akarudi kufundisha sayansi na michezo katika shule ya msingi karibu na kwao, akasomea urefa kwa sababu alipenda kukimbia na alipenda zaidi kusema "hapana" kwa sauti inayosikika. Lakini baada ya siku ile ya Runyenjes, hadithi ya Karwirwa ilitoka kwa watu wengine ikawa yake.

Chama cha marefa kilimwita kwenye mtihani wa mbio. Hakumaliza mzunguko wa kwanza. Katibu wa chama alimwambia kwa upole kwamba labda Mungu alikuwa anamwonyesha njia nyingine.

"Anionyeshe mwenyewe," Igoki alisema. "Wewe nipe muda nikatibiwe."

Daktari wa kwanza, hapo Embu, alipiga picha za mgongo akakuta uti wa mgongo mzuri tu. Wa pili alimpa dawa za maumivu ingawa hakuwa na maumivu. Wa tatu ndiye aliyemwomba avue viatu, akavigeuza, akazitazama ncha zilizolika, kisha akauliza swali ambalo wenzake hawakuuliza: "Nani mwingine kwenu hutembea hivi?" Akamwandikia aende Nairobi kwa daktari bingwa wa neva aliyeitwa Muturi.

Muturi alikuwa mtu mpole, aliyezoea kuwaambia wagonjwa mambo nusunusu ili wasiumie. Alichukua damu, akamweleza kwamba itapimwa jeni, na kwamba majibu yangechelewa. Yalichelewa kweli. Msimu wa mahindi ulipita na mwingine ukaanza ndipo alipomwita tena. Alianza kuzunguka na maneno, "kuna kahitilafu kadogo," na Igoki akamkatiza.

"Daktari, mimi nafundisha sayansi. Niambie yote. Nisichoelewa nitauliza."

Muturi alimtazama, akavuta kiti karibu.

"Sawa. Neva zinazoamuru miguu yako zinaanza kichwani. Seli yenyewe iko ubongoni, ndogo kabisa, lakini ina mkia unaoshuka ndani ya uti wa mgongo mpaka kiunoni. Huko chini ndiko hupokeza amri kwa neva nyingine. Sasa, karibu kila kitu ambacho mkia huo unahitaji ili uishi kinatengenezwa juu, kwenye seli. Lazima kibebwe kipelekwe chini."

"Kinabebwa na nini?"

"Na protini. Inaitwa kinesini. Ina kama miguu miwili, na inatembea, Mwalimu. Si mfano huo. Inatembea kweli, hatua baada ya hatua, juu ya nyuzi zilizotandazwa ndani ya mkia."

Katika miaka yote ya kufundisha seli, Igoki alikuwa amewachorea watoto duara lenye kiini katikati kama yai la kukaanga, kila kitu kimetulia.

"Na inajuaje mzigo wa kubeba? Haina macho."

"Inatambua kwa kugusa. Upande wake wa nyuma una mshiko. Juu ya kila mzigo kuna protini nyingine, kama kitanzi. Kitanzi kikilingana na mshiko, vinashikana na safari inaanza. Kisipolingana, vinapitana tu. Na ikikosa mzigo, inajikunja, miguu ikiegemea ule mshiko wa nyuma, inapumzika, isitembee bure."

"Yetu haitambui mzigo?"

"Yenu inautambua vizuri sana. Inaushika kama inavyotakiwa. Kasoro iko miguuni mwake. Herufi moja imebadilika kwenye jeni, na kwa hiyo haishiki njia sawasawa. Inateleza. Inaachia. Neva za mikono ni fupi, zinaishia shingoni, kwa hiyo mzigo unafika hata kwa kuchechemea. Za miguu ni ndefu. Ncha ya mkia, huko chini, inakaa na njaa miaka na miaka, hadi inaanza kufa."

"Kwa hiyo," Igoki alisema polepole, "mimi nakokota miguu kwa sababu ndani yangu kuna kitu kingine kinachokokota miguu."

"Naam."

Alicheka, na baada ya kucheka akalia, si sana, akajifuta kwa mkono wa sweta. Kisha akauliza yaliyobaki. Dawa ya kuirekebisha haikuwepo. Ya kulegeza misuli ilikuwepo, pamoja na mazoezi ya kunyoosha miguu kila siku bila kukosa. Mzazi mmoja akiwa na kasoro hiyo, kila mtoto anayezaliwa ana nusu ya uwezekano wa kuirithi, kama kurusha sarafu. Hakuna aliyefanya kosa. Muturi alimshauri pia aachane na urefa.

"Hilo sijakuuliza," Igoki alimjibu.

Aliporudi Kanja alitaka kumwambia Muchangi kwanza. Alimkuta ameketi juu ya pikipiki yake uani, mguu wa kushoto umeviringwa bendeji. Alikuwa ameteremka na abiria kutoka sokoni, akataka kubadilisha gia, na mguu haukufika. Wote wawili waliingia kwenye mtaro. Abiria hakuumia sana. Muchangi aliumia kifundo cha mguu, lakini lililomtisha si kifundo.

"Haukufika, Igoki. Niliuambia uende, haukwenda."

Igoki alimweleza kila kitu alichoambiwa na Muturi. Muchangi alisikiliza akiangalia tairi la mbele. Dada yake alipomaliza, alisema, "Mzee Njoka amekwisha panga siku. Tutafanya utakaso."

Mzee Njoka alikuwa binamu ya baba yao na ndiye mwenyekiti wa ukoo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ndiye anayepanga mazishi, anayesuluhisha mipaka, anayekumbuka karo ya nani imekwama. Mambo yakiharibika, watu walimtazama yeye, na yeye hakuweza kukaa bila kufanya kitu. Utakaso aliouandaa ulikuwa mchanganyiko: mbuzi wa rangi moja kama zamani, na mhubiri wa kutoka mbali kama siku hizi. Wazee wenzake wawili walinong'ona kwamba hawajawahi kuona wa namna hiyo. Lakini jambo moja lilikuwa wazi. Kila mzao wa Karwirwa angesimama mbele ya kaburi lake amkane kwa jina, aseme hana sehemu naye, kisha mawe ya kaburi yang'olewe na kutupwa mtoni.

"Mimi sitamkana mtu kwa ugonjwa," Igoki alisema.

"Basi kaa nyumbani kwako," Muchangi alimjibu. "Usituzuie sisi."

"Nitakuja. Na mawe hayo hayang'olewi nikiwa hai."

Ndugu hao walikuwa wamelala kitanda kimoja utotoni, na wiki ile yote hawakusalimiana.

Jumamosi ya utakaso boma lilijaa. Wanawake walikuwa wakimenya viazi, mbuzi amefungwa kwenye mche wa mparachichi, mhubiri amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali. Igoki aliwasili akitembea kwa fimbo mbili. Hakuwa amewahi kuzitumia hadharani. Alikuwa akizificha nyuma ya mlango wa darasa. Watu walizitazama fimbo kwanza, kisha wakamtazama yeye.

Mzee Njoka alimkaribisha kiti. Alikataa kukaa.

"Mzee, kabla ya sala naomba kusema."

"Sema, mwana wa Nthiga. Lakini usituletee masomo ya Nairobi."

"Nitayaleta kwa Kiembu."

Na hivyo ndivyo alivyofanya. Alikuwa amekesha na tatizo hilo, maana hakuna mtu aliyewahi kuhitaji neno la Kiembu la kinesini. Alitumia neno la mtu anayebeba mzigo mgongoni kwa ukanda unaopita kipajini, jinsi wanawake wa pale wanavyobeba kuni, na kina mama waliokuwa wakimenya viazi wakaacha visu. Akawaambia kwamba ndani ya mwili kuna wachukuzi wadogo kuliko vumbi. Kwamba ukanda wao haushiki kila mzigo, unashika ule unaolingana nao tu. Kwamba katika familia hii wachukuzi wanaujua mzigo wao, wanaufunga vizuri, lakini nyayo zao zinateleza, na safari ya kwenda miguuni ndiyo ndefu kuliko zote, kwa hiyo miguu ndiyo inayoshinda njaa.

"Ndiyo maana mikono ya baba ilikuwa mizima," alisema. "Laana gani inajua kupima urefu wa njia?"

Mtu mmoja nyuma aliguna kwa kukubali. Mhubiri alifungua Biblia, akaifunga.

Mzee Njoka alikuwa amesikiliza kwa makini. Alipojibu, hakupaza sauti. "Umesema vizuri, Mwalimu. Umesema jambo hili linakuja na damu. Mzazi hadi mtoto."

"Ndiyo."

"Basi damu ni ya nani? Aliyeingia hapa kutoka nje ni mmoja. Wewe mwenyewe umetuambia kwa kinywa chako. Yule Mmeru alituletea. Kama si kwa maneno, kwa damu. Kuna tofauti gani? Mawe yang'olewe."

Muturi hakuweza kujua ilitoka kwa babu au kwa bibi. Wote walikuwa mavumbi. Babu alichechemea pia, kila mtu alilijua hilo, lakini kila mtu alijua vilevile kwamba alipigwa wakati wa Hali ya Hatari, ile vita ya kupigania uhuru, akiwa kizuizini, na miguu yake haikuwahi kupona. Igoki angeweza kusema uongo pale, na wengi wangemwamini kwa sababu ni mwalimu.

"Sijui," alisema. "Huenda ilitoka kwake. Huenda haikutoka kwake. Lakini hata kama ni yeye, hakuichagua, kama mimi sikuichagua. Mkitaka kung'oa mawe yake, anzeni na mimi. Mimi ndiye niliye nayo. Nimepimwa."

Akavuka ua kwa fimbo zake, akaingia kwenye nyasi za napia zilizomfikia kifuani, akazikanyaga hadi mahali kaburi lilipokuwa, akasimama juu yake. Miguu yake ilikuwa inaruka yenyewe kama inavyofanya akichoka, na hakuweza kuituliza, na hakujali nani anaona.

Hapo ndipo Cucu Marigu, yaani Bibi Marigu, alipoomba ashikwe mkono ainuke.

Marigu alikuwa dada mdogo wa babu yao, wa mwisho kubaki katika rika lake. Alikuwa ameletwa kwenye utakaso ule kama mapambo, akaketishwa kwenye kivuli na kikombe cha uji. Masikio yake yalikuwa mazito, na watu waliacha zamani kumuuliza mambo kwa sababu ilibidi kupiga kelele, ingawa leo msichana aliyemletea uji alikuwa akimrudia sikioni kila lililosemwa.

"Nani amesema ni damu ya Karwirwa?" aliuliza.

Mzee Njoka alimwinamia sikioni. "Tunasema ugonjwa wa miguu, Cucu. Uliletwa na mke wa ndugu yako."

"Ninyi mnasema. Mimi nilikuwepo. Baba yangu alitembea hivyo. Alikuwa akifunga ngozi ya mbuzi kwenye vidole vya miguu ili visichubuke akivikokota. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga, nikiwa msichana mdogo. Hakuna mtu aliyempiga baba yangu. Hakufungwa kizuizini. Alikufa kabla ya hiyo vita. Na siku hizo boma hili halikuwa na Mmeru hata mmoja. Karwirwa alikuwa Nkubu kwao, hajui kama sisi tupo."

"Mbona hukusema siku zote hizi?" Mzee Njoka aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mlikuwa mnasema laana. Laana mimi sijui habari yake. Leo huyu mtoto amesema damu." Akamgeukia Igoki kule kwenye nyasi. "Damu ni yetu. Ni ya baba yangu. Karwirwa alitukuta tayari tunachechemea. Na alimwosha mume wake miguu mpaka akafa."

Mzee Njoka, ambaye babu yake ni huyohuyo baba wa Marigu, alitazama chini, kwenye viatu vyake mwenyewe, na waliokuwa karibu naye walimwona akisogeza vidole ndani ya kiatu, kama mtu anayejaribu kitu. Kisha alimwambia mhubiri kwamba sala itakuwa ya chakula tu. Mbuzi alichinjwa, maana wageni walikuwa wamekwisha fika na viazi vilikuwa motoni. Mawe hayakuguswa.

Muchangi hakula. Alimfuata dada yake kwenye nyasi, akamkuta ameketi juu ya kaburi kwa sababu miguu ilikuwa imemwishia.

"Umefurahi?" alimuuliza. "Laana ingeondolewa, Igoki. Mbuzi mmoja, sala moja, ningeamka kesho nimefunguliwa. Hii yako haiondolewi. Umeniondolea hata hiyo."

Igoki alitaka kumshika mkono, akajizuia. "Haiondolewi," alisema. "Nisingeweza kukudanganya kwamba inaondolewa. Wala nisingeweza kukuacha umtukane bibi yako halafu uamke kesho bado unachechemea."

"Na nikikataa kupimwa?"

"Kataa. Ni damu yako."

Alikataa kweli, na hadi leo hajapimwa. Alisema anaujua mguu wake vya kutosha. Aliuza pikipiki kabla haijamuua yeye au abiria, akaanza kutengeneza za wenzake hapo stendi, ameketi kwenye sanduku la soda, mikono imejaa grisi. Igoki alimfundisha yale mazoezi ya kunyoosha miguu. Mwanzoni aliyafanya kwa kununa. Baadaye akawa yeye ndiye anayempigia simu dada yake asubuhi kumuuliza kama amekwisha nyoosha.

Nyasi za napia zilikatwa. Igoki alikuta siku moja zimekatwa, mawe yameoshwa, na hakuna aliyekubali kuwa ndiye. Shuleni, kwenye karatasi zake zote za kazi, alianza kuandika Veronicah Igoki Karwirwa. Mwalimu mkuu alisema jina hilo haliko kwenye kitambulisho. Igoki akaenda akalitia kwenye kitambulisho.

Kuhusu urefa, chama kilimpa nafasi ya kuketi mezani kama msimamizi wa mechi. Alishukuru, akaikataa. Alianzisha ligi ya wasichana wadogo katika nusu ya kiwanja, ambako refa anayetembea anatosha, na aliyedai kwamba hatoshi aliambiwa alete refa wake. Kuna wakati huanguka. Wasichana wamezoea, mchezo unaendelea, na filimbi inalia kutoka chini kwenye nyasi, wazi kabisa, na uamuzi haubadiliki.

Redio moja ya Kiembu ilimwalika kuzungumza. Alirudia habari ya wachukuzi na ukanda wa kipajini, na wiki iliyofuata simu ikaanza kulia. Wengi walikuwa watu wa kuuliza dawa ya goti. Mmoja alikuwa mwanamke wa karibu na Ishiara, huko chini kwenye joto, mume wake akiitwa Gachoki, mfugaji wa mbuzi. Alisema mume wake anaburuta mguu na ndugu zake wamemtenga, wamehamisha hata mifugo yao isichanganyike na yake.

Igoki alikwenda. Mwenye gari la shule, aliyekuwa na safari ya huko, alimshusha langoni mwa boma. Gachoki alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyeketi kwenye kigogo akiwa ameweka kofia magotini. Hakutoa salamu. Aliuliza, "Wewe alikulaani nani?"

"Hakuna. Hebu tembea nikuone."

Alitembea kutoka kwenye kigogo hadi zizini na kurudi. Igoki alimtazama kwa makini na moyo ukamshuka. Mguu ulikuwa mmoja tu, wa kushoto, na mkono wa kushoto nao ulining'inia bila nguvu. Haukuwa mwendo wa baba yake. Haukuwa wake. Mke wa Gachoki alikuwa amesimama mlangoni, amefumbata leso, akingoja aambiwe kwamba na wao ni wa wachukuzi wanaoteleza, kwamba jambo lao lina jina.

"Yako si kama yangu," Igoki alisema. "Sitakudanganya."

Gachoki alikaa tena, akacheka kwa uchungu. "Basi wale walisema kweli."

"Wale hawakukupima. Mimi pia sikukupima, nimekutazama tu. Mguu na mkono wa upande mmoja, daktari ataanza na kichwa. Ulianza lini? Taratibu au ghafla?"

"Ghafla. Niliamka hivyo."

"Na ukaenda hospitali?"

"Niende niwaambie nini? Kila mtu hapa anajua ni laana."

Igoki alitoa simu akampigia Muturi, pale pale kwenye jua, akamweleza alichokiona. Alisikiliza, akaitikia, akakata. Alisema daktari anashuku kiharusi, kwamba Gachoki anatakiwa apimwe presha leo, si kesho, na kwamba kituo cha afya cha karibu bado kiko wazi. Alijikaza kwa fimbo zake akasimama. Gachoki hakuinuka.

"Na wakinitazama wakasema hawajui?"

"Tutawauliza tena," Igoki alisema. "Vaa kofia."